Eliye Springs: Ambako ukijani wa maji ni chakula

UKITOKA mjini Lodwar kuelekea mashariki, kwa muda mrefu huoni dalili yoyote ya maji. Ni changarawe, migunga iliyopinda, mbuzi wanaokula usichokiona, na joto ambalo ikifika adhuhuri hata gari huonekana limechoka. Kipande cha mwisho ni mchanga mtupu, na dereva asiye na gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne afadhali asafiri na watu wenye nguvu za kusukuma. Kisha, bila hodi, mikoma inachomoza, mirefu, imesimama kwa makundi, na nyuma yake kitu ambacho mtoto mmoja wa Nairobi tuliyekuwa naye garini alikiita "uwanja wa mpira." Hakikuwa uwanja. Lilikuwa Ziwa Turkana, na lilikuwa kijani kibichi kutoka ufuoni hadi macho yanapokoma.

Rangi hiyo ndiyo iliyowashangaza wageni tangu zamani. Teleki na mwenzake von Höhnel walipolifikia ziwa hili mwaka wa 1888 walilipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, na jina hilo likadumu ramanini hadi 1975 lilipobadilishwa kuwa Turkana. Wazungu wengine wakalifananisha na jiwe la thamani la kijani. Waturkana wenyewe hawakuhangaika na rangi. Waliliita Anam Ka'alakol, yaani bahari ya samaki wengi, na nitaeleza kwa nini nadhani jina hilo lina elimu zaidi kuliko hayo mengine mawili.

Ukijani wa Ziwa Turkana si rangi ya mawe wala ya kina. Ni mwani. Si ule mwani wa nyuzi ndefu unaotupwa ufuoni Pwani, bali vijimea vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kukiona kimoja kimoja, vikielea majini kwa mamilioni. Vingi ni vya jamii ambayo wataalamu huiita mikrosistisi, na wao wenyewe husema kwamba kwa nasaba hivyo ni bakteria wanaoishi kwa jua kama majani. Alfajiri, upepo ukiwa haujaamka, hupanda juu kwa vipovu vya hewa vilivyo ndani ya miili yao, na maji ya ufuoni huonekana kama yamenyunyiziwa unga wa mboga. Upepo wa kusini-mashariki ukianza kuvuma, na huku upepo hauna mzaha, unga ule huchanganyika tena na maji.

Katika safari hii nilifuatana na shemeji yangu wa Mombasa, ambaye kazi yake ni kutunza matangi ya samaki. Simaanishi yale mabakuli ya samaki wa dhahabu. Wateja wake wana matangi makubwa ya kioo yenye maji ya chumvi, matumbawe hai ndani yake, na samaki wa rangi zote wa miamba ya bahari. Tangi kama hilo ni ghali kulianzisha na ghali zaidi kuliweka hai. Siku alipopanda gari nasi alikuwa ameacha nyuma mgonjwa mmoja. Tangi la mteja wake lilikuwa limevamiwa na nywele za kijani kwa miezi mitano. Anazing'oa Jumamosi, Jumamosi inayofuata zimerudi. Zilikuwa zimeanza kuyafunika matumbawe, na mwenye tangi alikwisha kusema kwamba mwezi ukiisha bila nafuu atalimwaga lote na kuweka kabati mahali pake. Kwa shemeji hiyo ingekuwa mkataba umepotea, na kwa matumbawe yale ingekuwa kifo.

Kwa hiyo mtu huyu alipofika Eliye na kuona ziwa zima limekuwa kijani, alisimama mikono kiunoni kama daktari aliyeingizwa katika wodi yenye wagonjwa elfu.

"Mzee," alimwuliza mvuvi aliyekuwa akishona wavu chini ya mkoma, baada ya kumwamkia, "hii takataka ya kijani mnaiondoaje?"

Mzee alimtazama kwa muda. "Kuondoa ya nini, kijana yangu? Hii ndiyo chakula ya samaki. Ikiisha hii, sisi pia tumeisha."

Hakutania. Ngege wa ziwa hili hula mwani huo, sangara humla ngege na samaki wengine, na binadamu humla sangara. Samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani, ng'onda, husafirishwa kutoka fuo hizi hadi masoko ya mbali sana. Ghuba ya Ferguson, karibu na Kalokol upande wa kaskazini wa Eliye, ina maji ya kina kifupi na mwani mzito kuliko sehemu nyingi za ziwa, na kwa sababu hiyo hiyo imekuwa kitalu mashuhuri cha ngege. Ghuba hiyo ilipokauka katika ukame wa miaka ya 1980, kiwanda cha samaki ambacho Wanorwe walikuwa wamekijenga Kalokol kilibaki kama meli nchi kavu.

Shemeji hakuridhika. Alitaka kujua kwa nini ukijani huu haulimalizi ziwa kama unavyomaliza tangi. Swali hilo lilitushughulisha siku mbili, na jibu lake ndilo ninalotaka kulileta nyumbani kwa wasomaji, hasa wale wenye tangi sebuleni na wanafunzi ambao shule yao inalo moja la mradi wa sayansi.

Kwanza kabisa, Ziwa Turkana lenyewe ni tangi. Hakuna mto unaotoka humo. Mto Omo kutoka Ethiopia huleta karibu maji yote, Turkwel na Kerio huongeza kidogo, na njia pekee ya maji kuondoka ni kupaa angani kwa joto. Kila mwaka jua hunywa zaidi ya mita mbili za maji kutoka juu ya ziwa. Lakini jua hunywa maji matupu. Kila kilichokuja na maji, chumvi, magadi, mbolea ya asili iliyochukuliwa milimani, hubaki nyuma. Ndiyo sababu maji ya ziwa huteleza vidoleni kama yaliyotiwa sabuni na yana ladha ya magadi, ingawa chumvi yake ni kama gramu 2.5 tu kwa lita moja, ilhali bahari ina gramu 35 hivi.

Tangi la nyumbani hufuata sheria hiyo hiyo. Maji hupungua kwa mvuke na chumvi hubaki. Mwenye tangi anayejazia maji ya bahari kila yanapopungua anaongeza chumvi juu ya chumvi. Anayetakiwa kurudishwa ni yule aliyeondoka tu, yaani maji baridi yasiyo na kitu. Lakini jambo linalohusu mwani ni lile lingine: kila kinachotiwa ndani hubaki ndani. Chembe ya chakula ambayo samaki hakuiona, kinyesi chake, konokono aliyefia nyuma ya jiwe, vyote huoza na kugeuka naitreti na fosfeti, ambazo mkulima yeyote wa Kitale atakuambia ni mbolea. Ukilisha samaki kwa mkono wa ukarimu, unalima bila kujua.

Hapo ndipo wengi hupotea, na shemeji yangu, kwa ruhusa yake ninasema, alikuwa mmoja wao. Alikuwa amepima maji ya lile tangi mara kadhaa, na kipimo kikasoma sifuri: hakuna naitreti, hakuna fosfeti. Akahitimisha kwamba mbolea si tatizo, akaanza kutafuta dawa. Kumbe sifuri ile ndiyo ushahidi wenyewe. Mbolea haikuonekana majini kwa sababu nywele za kijani zilikuwa zimekwisha kuila. Watafiti walioyachunguza maji ya Turkana waliona fosfeti tele, lakini naitrojeni kidogo mno, kwa kuwa mwani huifyonza mara inapoingia. Sahani tupu mbele ya mtu aliyeshiba haimaanishi kwamba chakula hakikupikwa.

Ukishaelewa hivyo, kung'oa peke yake huonekana kilivyo. Kule Lodwar, kandokando ya Mto Turkwel, tulipita kwenye vichaka vya mathenge, ule mti wa miiba kutoka Amerika ulioletwa Turkana mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na ambao sasa umefunga njia na malisho. Ukiukata juu, kisiki huchipua mashina matano. (Wale wazee wa Baringo waliompeleka mbuzi wao asiye na meno mahakamani mwaka wa 2006 kuonyesha ubaya wa mti huu, mimi huwaona miongoni mwa mawakili hodari kuwahi kutokea nchini.) Nywele za kijani za tangini zina tabia hiyo. Ukizivuta ovyo zinakatika, vipande vinaelea na kuotea kwingine.

Lakini kung'oa kuna maana kukifanywa vizuri, kwa sababu mwani uliotoka nje ya tangi umetoka na mbolea iliyomo ndani yake. Njia anayoifuata shemeji sasa ni kushika shada kwa vidole huku mdomo wa mpira wa kunyonyea maji ukiwa pale pale, kila kipande kinachokatika kikaingia kwenye mpira na kwenda ndooni. Jiwe linaloweza kuondoka hutolewa na kusuguliwa kwa mswaki mgumu ndani ya ndoo ya maji ya chumvi yaliyotoka tangini. Lisisuguliwe chini ya mfereji, kwani maji ya mfereji yataua bakteria wazuri wanaoishi ndani yake. Ndoo hiyo kisha humwagwa, na maji mapya ya chumvi huchukua nafasi yake. Akifanya hivyo kila juma, sehemu moja ya kumi ya maji ya tangi ikibadilishwa, anatoa zaidi ya anachoingiza. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Upande wa kuingiza nao haukuwa na siri. Chakula kilipunguzwa kikawa kile ambacho samaki hukimaliza kwa dakika mbili, na kilichogandishwa huoshwa kwanza ili yale maji yake machafu yasiingie. Maji ya kujazia yaligeuzwa. Hapo awali yalikuwa ya bomba, na maji ya bomba au ya kisima yanaweza kuja na naitreti na fosfeti zake. Sasa ananunua yaliyosafishwa kwa mashine, kama yale yanayouzwa mitaani kwa mitungi ya lita 20, na huyapima kwanza kabla ya kuyaamini. Taa, ambazo mwenye nyumba aliziwasha tangu asubuhi hadi wageni wa usiku waondoke, zimewekewa saa ya kuzizima baada ya saa nane. Pazia la dirisha lililokuwa likiruhusu jua la jioni kupiga kioo limeteremshwa.

Kuhusu dawa za chupa, nina maoni makali na sitayaficha. Dawa nyingi za kuua mwani zimeundwa kwa shaba, na shaba huwaua konokono, kamba na matumbawe yenyewe. Hata dawa isiyo na shaba, ikiua mwani wote kwa siku moja, mwani huo utaozea humo humo, na mbolea itarudi majini kulisha kizazi kijacho. Ni kama kuchoma ghala ili kuua panya.

Kuna msaidizi mwingine ambaye mvuvi wa Eliye alimtaja bila kujua: mlaji. Ziwani ni ngege. Kwenye miamba ya Pwani yetu ni pono, kangaja na tafi, pamoja na wale viumbe wa miiba mieusi wanaowachoma waogeleaji nyayo. Kazi yao huonekana wanapokosekana. Mwaka 1983 ugonjwa uliwaua karibu viumbe wote wa miiba katika bahari ya Karibi, na kwenye miamba kama ya Jamaika, ambako samaki wala mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi, mwani uliyafunika matumbawe. Hapa kwetu, joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi, na ndiyo sababu hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, zina thamani isiyo ya watalii tu: pono asiyevuliwa huendelea kukwangua mawe ili matumbawe machanga yapate pa kushika. Tangini, konokono wa baharini wachache hufanya kazi kama hiyo kwenye kioo na mawe. Kangaja pia hufaa, ila ni samaki wa mbio, na kumtia katika tangi dogo ni kumfunga jela.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba kuna wanaoutumia mwani kuumaliza mwani. Katika miaka ya 1980 mwanasayansi Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, Marekani, alieneza njia ya kupitisha maji ya tangi juu ya wavu wenye taa yake mwenyewe. Mwani huota kwa raha pale wavuni, hula mbolea yote, na mwenye tangi huja kuuvuna kwa kukwangua. Ndani ya tangi kwenyewe hubaki njaa. Shemeji alikwisha kusikia habari hiyo lakini aliiona kama mchezo. Pale Eliye, akitazama mashua zikirudi na samaki, aliniambia kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Hawa wanavuna. Mimi nilikuwa nafagia."

Hata hivyo usisafishe maji mpaka yakawa hayana kitu. Matumbawe nayo yanahitaji kidogo, na tangi lililokaushwa mbolea kabisa hushikwa na ute wa kahawia ambao ni msumbufu kuliko nywele. Na subira ni lazima. Mawe hunyonya fosfeti kwa miezi, kisha huitema polepole, kwa hiyo nywele huendelea kuota kwa majuma kadhaa baada ya kuacha kosa. Tangi jipya nalo huwa na utoto wake. Hupiga utando wa kahawia, kisha wa kijani, kisha hutulia, na wengi huvunjika moyo katikati. Yule mteja wa shemeji aliongeza miezi mitatu, kabati halijanunuliwa, na matumbawe yameanza kufungua vinywa tena upande ule uliokuwa umefunikwa.

Ziwa lenyewe halina fundi wa kuja Jumamosi. Ufunguo wa chakula chake uko Ethiopia. Mafuriko ya Omo baada ya mvua za katikati ya mwaka ndiyo yaliyokuwa yakileta tope na mbolea mara moja kwa kishindo, na samaki wengi hufuata kishindo hicho kuzaliana. Bwawa la Gibe III lilianza kujazwa mwaka 2015, na kazi ya bwawa la umeme ni kuufanya mto utiririke sawasawa mwaka mzima. Chini yake ukafuata mpango wa mashamba ya miwa wa Kuraz, uliotangazwa 2011, ambao huchukua maji, na shamba la miwa haliwezi kurudisha maji yakiwa safi kama yalivyotoka. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wengi walitarajia ziwa lipungue. Kinyume chake, mvua kubwa za 2019 na 2020 zililipandisha, likameza fuo na kuacha mikoma imesimama majini. Kina kimepanda, lakini swali la mbolea halijajibiwa na kina. Ikija kidogo mno, ngege watakonda. Ikija nyingi mno, tazama Ghuba ya Winam kule Kisumu, ambako jamaa hao hao wa mikrosistisi, wakilishwa na mbolea za mashamba na uchafu wa miji, huyafanya maji kuwa uji wenye sumu inayoharibu ini, na gugu maji likafunika kilichobaki.

Nilimwuliza yule mzee kama ameona tofauti katika rangi. Alisema ziwa lina siku zake, kama mtu. Kisha akanionyesha mahali ambapo zamani alikuwa akianika nyavu, mita nyingi ndani ya maji.

Kwa familia inayopanga safari: Lodwar hufikiwa kwa ndege kutoka Nairobi au kwa barabara kutoka Kitale, karibu kilomita 300. Mjini humo ndimo Mzee Jomo Kenyatta alimokaa kizuizini kuanzia 1959 baada ya gereza la Lokitaung, habari ambayo watoto wa shule watapenda kuisikia wakiwa pale pale. Beba maji ya kunywa ya kutosha, kwani ya ziwa hayafai. Zile chemchemi zilizoipa Eliye jina hutoka mchangani chini ya mikoma, nazo ni za wenyeji kwanza, kwa hiyo usioshee gari hapo. Mamba wapo, usiingie ziwani kabla ya kuwauliza wavuvi. Ukiona utando mzito wa kijani umesukumwa ufuoni, watoto wasiuchezee wala kuyameza maji yake. Vikapu vya majani ya mkoma vinauzwa njiani. Na ukitaka kuona ziwa likiwa kijani kweli kweli, amka kabla ya upepo.